Kosa Lina Kwao

Hamsini na mbili toa ishirini na saba. Mtoto akaandika thelathini na tano, akapeleka daftari mezani, akasimama kusubiri kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake. Mwanachuo wetu, aliyekuwa wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya hapa Nyashimo, akapiga mkasi wa kalamu nyekundu na kuita, "Anayefuata!"

Nilikuwa nimeketi nyuma, kwenye dawati lililonibana magoti, fomu ya tathmini ikiwa mapajani. Ni zamani kidogo sasa. Nilikuwa mkufunzi mpya, nina miezi minne chuoni, shahada ya hisabati kabatini na miaka michache ya kufundisha sekondari. Nikajaza fomu kama nilivyoelekezwa: mada anaimudu, sauti inasikika, ubao umepangwa, zana zimetumika. Pembeni yangu aliketi mkufunzi mwenzangu, mama aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye chuo kizima kilimwita Mama. Fomu yake ilikuwa tupu. Alikuwa ametoa daftari dogo la kurasa themanini, na ndani yake akanakili ile hesabu ya mtoto vilevile ilivyo, na thelathini na tano yake, bila mkasi.

Kengele ilipogongwa sikumwona akimfuata mwanachuo. Alimfuata mtoto. Akachuchumaa, kazi si ndogo kwa magoti yale, akamwambia, "Mwangaluka, mayu." Mtoto akacheka kusikia mkaguzi anasalimia Kisukuma. "Hebu nieleze hii. Ulifanyaje?"

"Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu."

"Mbona ulianza na saba?"

"Mbili toa saba haiwezekani. Kubwa ndiyo inatolewa ndogo." Kisha, kana kwamba anatuonea huruma kwa kutojua jambo dogo hivyo: "Mwalimu wa darasa la kwanza alisema."

Tulitoka nje, tukasimama kivulini. Nilikuwa tayari kusema kwamba mtoto hajui kukopa, arudiwe somo la kukopa. Mama akanitangulia. "Umesikia, mwanangu? Kosa lina kwao. Hili kwao ni darasa la kwanza, na aliyelizaa ni mwalimu."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi, na kila ninapopewa mkufunzi mpya wa hisabati nimlee huwa natafuta namna ya kumfikishia bila kuisema, kwa sababu ikisemwa tu inaingia kwenye daftari la semina na kufia humo.

Nyashimo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, mji ulioketi kandokando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, Ziwa Victoria likiwa upande mmoja na mashamba ya pamba upande wa pili. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sisi tulikuwa Magu, mkoa wa Mwanza. Bariadi, ambako mkuu wa mkoa anakaa, kwetu ni mbali kuliko Mwanza kwa mazoea, hata pale ramani inapobisha. Wanachuo hutujia kufanya mazoezi wakishuka na masanduku na ndoo, na wanafunzi wetu huwasubiri kwa hamu ileile watu wanayosubiri nayo mnada. Mwalimu mgeni, mwenye viatu vipya, ni burudani ya kutosha kwa wiki nzima.

Basi ni nini hasa anachokosa mkufunzi mpya wa hisabati? Hesabu anazijua. Ualimu pia amesomea: saikolojia ya mtoto, mbinu shirikishi, andalio la somo lenye safu zake zote. Mwaka 1986 Lee Shulman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, alidai kwamba kati ya kujua somo na kujua kufundisha kuna ujuzi wa tatu, unaohusu somo lile hasa linavyoingia, au linavyokataa kuingia, kichwani mwa anayejifunza. Wasomi wakalishangilia jambo hilo kama limegunduliwa. Nadhani Mama hakuwahi kumsoma Shulman, na sina hakika angempa muda. Ila daftari lake dogo lilikuwa ujuzi huo wa tatu mtupu, ukurasa kwa ukurasa.

Nililiomba, akaniazima kwa jioni moja. Sikulala usiku ule.

Kulikuwa na ukurasa wa kuzidisha. Mwanachuo, mtu mzima mwenye ndevu, aliulizwa nusu mara nane ni ngapi, akasema kumi na sita, na alipoambiwa ni nne alikataa kabisa. Mama ameandika chini yake: *Kwao ni kwenye neno.* Kuzidisha ni kufanya kitu kizidi. Ndivyo tunavyosema kwenye chumvi, kwenye sauti ya redio, kwenye dharau. Utamwambiaje mtu azidishe halafu kitu kipungue? Mzungumzaji wa Kiswahili anayeshangaa hapo hajakosa akili, ameheshimu lugha yake. Mwalimu anayeelewa hivyo hatakimbilia kanuni. Atarudi kwenye "mara": nane mara moja, nane mara nusu, ukate mkate uone.

Ukurasa mwingine, desimali. Kipi kikubwa, 0.35 au 0.4? Darasa zima: 0.35. Kwao ni mdomoni. Tunasoma "sifuri nukta thelathini na tano", na thelathini na tano ikishatamkwa, nne ina ubavu gani? Mama alikuwa mkali kwa hili. Chuoni kwake ilikuwa ni tatu nukta moja nne, hata kwa mkuu wa chuo.

Alama ya usawa nayo. Watoto, na walimu wao wakiwa ubaoni na haraka, huandika 3 + 4 = 7 + 2 = 9. Wanasoma hiyo alama kama "inakuwa", kama safari inayosonga mbele. Kumbe ni mizani ya pamba: upande huu na upande huu, zisipolingana kuna mtu anaibiwa. Wakulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, hawahitaji kufundishwa mizani isiyolingana ina maana gani. Ajabu ni kwamba mtoto wao anaweza kumaliza shule bila mtu kumwambia kwamba ile mistari miwili midogo ndiyo mizani hiyohiyo.

Na MAGAZIJUTO! Hakuna Mtanzania aliyepita shule ya msingi asiyeikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno tamu, linaimbika, na limefanya madhara ambayo sisi wakufunzi hatupendi kuyakiri. Mpe mtoto kumi toa tatu jumlisha mbili. Aliyeishika MAGAZIJUTO kwa uaminifu ataanza na kujumlisha, kwa kuwa JU iko mbele ya TO: tatu na mbili ni tano, kumi toa tano ni tano. Jibu ni tisa. Yule mzembe aliyesahau kanuni na kwenda tu kutoka kushoto kwenda kulia atapata vema. Nimeona mwanachuo akimsahihisha mtoto aliyepata tisa.

Kuna methali tunayowapiga nayo watoto: kufanya kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa. Katika maisha sina ugomvi nayo. Katika darasa la hesabu Mama aliigeuza chini juu. Kosa la mara moja, alisema, linaweza kuwa usingizi, njaa, au inzi. Lipite. Kosa linalorudiwa ndilo la kupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa linarudiwa na mtu mwenye sababu. Mtoto anayeandika 35 leo, kesho akaandika 277 kwa mia mbili na moja toa sabini na nane, ana kanuni yake na anaifuata kwa nidhamu kuliko wanavyofuata wengi kanuni yako.

Lipo kosa moja ninalolipenda kuliko yote. Nusu jumlisha theluthi, mtoto anasema mbili ya tano: ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Kila mwalimu wa hesabu duniani amelikuta. Wengi wetu hulifuta haraka kama uchafu. Lakini chukua mpira. Juma kapiga penalti mbili, kafunga moja. Kesho kapiga tatu, kafunga moja. Jumla kafunga mbili kati ya tano. Mtoto yuko sahihi! Kajumlisha penalti, na penalti hujumlishwa hivyo. Kosa lake ni kwamba wewe ulikuwa unauliza habari ya mkate na yeye akajibu habari ya mpira. Mwalimu anayeweza kumwambia mtoto, "Ungekuwa mpira, ungepata," kisha akamrudisha taratibu kwenye mkate, huyo fundi. Nimewahi kumwona mmoja akifanya hivyo bila kujiandaa, katika darasa la watoto wengi kuliko madawati, nikasahau kujaza fomu.

Hapa Nyashimo kuna safu nyingine juu ya zote, ya lugha. Mtoto anatoka nyumbani na Kisukuma: imo, ibili, idatu. Shuleni anakutana na Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, mpaka kigawe kidogo cha shirika alichokizoea kwa jina la KDS kinamjia kikiwa na jina jipya, asikitambue kama ni jirani yake wa zamani. Nilipokuwa mpya niliona hilo kama mzigo tu. Mama aliniambia nisikilize vizuri zaidi. Saba kwa Kisukuma ni mpungati. Na Waswahili wa kale, kabla ya kuazima saba kwa Waarabu, walisema mfungate, na ndiyo maana hadi leo maarusi hukaa fungate, siku zao saba. Tisa ni kenda, na kenda iko katika Kiswahili cha zamani vilevile. Aliwapa wanachuo wake jambo hilo kama zawadi, wawapelekee watoto: namba zenu za nyumbani na namba za shule ni ndugu, zilipotezana tu njiani. Sijui ni watoto wangapi walipasi kwa ajili hiyo. Najua nyuso zao zilivyokuwa.

Nirudi kwenye ufundi wenyewe, jinsi unavyopokezwa. Nina kinyongo kidogo na semina, na msomaji aliyewahi kuwa mwalimu ananielewa. Ukumbi, bango kitita, kalamu rangi nne, mgawanyo wa vikundi, soda, fomu ya nauli. Mwezeshaji anatusomea kwamba tusisome darasani. Mkufunzi mpya anarudi na cheti na daftari safi, na kesho yake anafundisha kama alivyofundishwa yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano, kwa kuwa hicho ndicho kielelezo pekee alichowahi kukaa mbele yake kwa muda mrefu.

Wazee wetu wa UPE, walimu wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tuliwacheka bure. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa hapo mbele tu kwenye barabara hii, lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakuwapo. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kazi wakiwa kazini: masomo ya posta, vipindi vya redio, wakufunzi waliowafuata vijijini. Elimu yao ilikuwa fupi na nchi ililipa gharama ya hilo, sitalificha. Lakini yule mwalimu wa UPE alijifunza asubuhi jambo ambalo jioni angemuuliza mtu, na mtu huyo alikuwa amemwona akikosea. Ni zaidi ya ninachoweza kusema kuhusu semina nyingi nilizohudhuria.

Wajapani wana desturi ya zaidi ya miaka mia. Mwalimu mmoja anafundisha somo waliloliandaa pamoja. Wenzake wanasimama kando na madaftari, hawamwangalii yeye, wanaangalia watoto. Kisha wote wanakaa kulichambua somo, si mtu. Kenya ilipoanza mpango wake wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, roho hiyo ilivuka nao. Hata Marekani, ambako ungedhani shahada ya uzamivu inatosha, chama chao cha hisabati kilianzisha mwaka 1994 mpango wa kuwalea wahadhiri wapya wa somo hilo, kwa sababu waligundua kwamba mtu anaweza kuthibitisha nadharia ngumu na bado asijue la kufanya Jumatatu asubuhi mbele ya vijana mia. Nilifarijika kidogo niliposoma hilo. Kumbe hata huko.

Hapa kwetu siku hizi tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayotaka walimu wa shule moja wakutane palepale shuleni, wajadili somo lililowashinda. Simiyu pia imo kati ya mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora. Mimi nayapima mambo haya yote kwa swali moja: je, kuna mtu aliyeketi nyuma ya darasa la mwenzake wiki hii? Tulipokuwa na zile kambi za kitaaluma, enzi za mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, magazeti yaliandika habari ya mkoa kupanda kwenye matokeo. Kilichonivutia mimi ni kidogo zaidi. Walimu wazuri wa hesabu walikusanywa mahali pamoja, na wenzao wakapata sababu ya kuwatazama wakifanya kazi. Kwa nchi ambayo kwa miaka mingi karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano amekuwa akifaulu hisabati kidato cha nne, kumtazama anayejua si anasa. Chaki zenyewe tunatengeneza sisi, hapo Maswa. Mikono ya kuzishika ndiyo inayotuchelewesha.

Mama alistaafu, akaniachia daftari. Nimejaza mengine matatu.

Muhula uliopita nilikuja tena Nyashimo na mkufunzi mpya, binti mwerevu kuliko nilivyokuwa mimi, ambaye hunisalimu shikamoo kila asubuhi kwa sauti ya mtu anayesubiri nimkosoe. Sikumwambia kuhusu kosa na kwao. Nilimpa daftari tupu tu, nikamwambia anakili anachokiona. Siku ya tatu, tulipokuwa tumesimama stendi tukisubiri basi la Mwanza, alifungua ukurasa na kunionyesha. Arobaini na tatu toa kumi na nane, darasa la tatu. Mtoto ameandika 30, kisha 5, kisha 25. Jibu ni sahihi. Mwanachuo ameweka vema nusu na kuandika pembeni: *Njia?*

"Hakukopa popote, Mwalimu," akasema. "Arobaini toa kumi, thelathini. Tatu kwa nane, kapungukiwa tano. Thelathini toa tano. Ni njia kamili. Lakini hakuna aliyemfundisha hivi, nimemuuliza mwalimu wa darasa."

"Mtoto mwenyewe ulimuuliza?"

Akanyamaza. Konda alikuwa anaita Magu, Kisesa, Mwanza, na mizigo yetu ilikuwa tayari buti la pembeni. Akamwambia konda aishushe.

Tukavuka barabara, tukarudi shuleni. Watoto walikuwa wameshatawanyika, wamebaki wawili wakicheza isolo kwenye vishimo walivyochimba chini ya mti. Akawauliza mtoto fulani yuko wapi. Wakanyoosha vidole kule tulikotoka. "Kwao ni kule, stendi. Kwenye dagaa."

Alikuwa nyuma ya meza ya mama yake, hatua kumi kutoka mahali tuliposimama mchana wote, sare ya shule bado mwilini, akipima dagaa kwa kopo. Mteja aliyekuwa mbele yetu alidaiwa elfu mbili na mia saba. Akatoa noti ya elfu tano na sarafu ya mia mbili. Mtoto alikuwa anafunga mfuko kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto, bila kuangalia, akamrudishia elfu mbili na mia tano.

Mwenzangu akatoa daftari, akachuchumaa pembeni ya meza.

"Hebu nieleze hiyo," akamwambia. "Umefanyaje?"